Maktaba Iliyogeuka

Nyumbani waliniita Kwa Nini tangu nikiwa na miaka minne, na sijawahi kulikataa jina hilo. Mama alisema siku moja nilimuuliza kwa nini kikombe hukaa juu ya kisahani na si kisahani juu ya kikombe, akakosa jibu, akanipa mkate ninyamaze. Sikunyamaza, ila mkate niliula. Baadaye nikapata kazi inayonifaa kabisa. Mimi ni karani wa masjala ya halmashauri ya mji. Natunza makaratasi ya watu, na hakuna aliyewahi kunikataza kuyasoma.

Mwaka juzi tuliletewa masanduku matano ya bati kutoka stoo ya duka la baiskeli. Yalikuwa na vumbi la kutosha kumlaza mtu na mafua wiki nzima. Ndani yake mlikuwa na ramani na barua zilizosalia za ofisi ya wasanifu majengo ambayo wazee wa mji huu hadi leo huiita Ofisi ya Mrefu na Mfupi. Jina lake halisi lipo kwenye mihuri, lakini hakuna aliyelitumia. Mrefu alikuwa anachora. Mfupi alikuwa anatafuta kazi, anagombana na wakandarasi na kutia saini. Walianza katikati ya miaka ya hamsini katika chumba kimoja juu ya duka hilohilo la baiskeli, wakafunga miaka ishirini na sita baadaye wakiwa na ghorofa nzima na wafanyakazi kumi na tisa. Katika muda huo waliuachia mkoa wetu majengo thelathini na moja: shule, posta, benki, wodi ya wazazi, soko lenye paa lililokunjwakunjwa, stendi ya mabasi. Na maktaba.

Maktaba ndiyo iliyoniponza. Halmashauri iliamua kuipaka rangi upya na kuweka kibao ukutani chenye majina ya waliohusika kuijenga. Pamoja na kibao kitoke kijitabu. Mkurugenzi akaniita, akasema, "Wewe unayependa makaratasi, andika. Nataka majina ya wote, hata mfagizi asisahaulike." Wengi wa hao wote walikuwa wamekwisha kufa. Aliyebaki hai, kwa kadiri nilivyoweza kujua, alikuwa mmoja tu, naye ni shangazi yangu, dada yake baba.

Nikaenda kwake siku hiyohiyo nikiwa na furaha tele. Nilimkuta anakata kitambaa cha kaptula za shule, kazi ambayo ameifanya tangu kabla sijazaliwa. Ana miaka sabini na tisa na mkasi wake bado hautetemeki. Nikampa habari za kibao.

"Langu usiweke," alisema.

"Kwa nini?"

"Umeanza." Hakuinua hata macho. "Nimesema usiweke. Na hicho kijitabu chako nacho usiniletee hapa."

Sasa mtu ukimwita Kwa Nini miaka arobaini na tano, halafu umwambie jambo namna hiyo, unategemea nini? Niliondoka pale nimenuna. Nilijua mambo mawili tu. Shangazi alifanya kazi kwa Mrefu na Mfupi kwa miaka minne alipokuwa msichana, na walimwita Mkono kwa jinsi mstari wake ulivyokuwa umetulia. La pili ni kwamba hajawahi kuingia maktaba. Si kwamba hasomi. Anasoma magazeti mpaka matangazo ya vifo. Mimi na binamu zangu tulikwenda kule kila siku baada ya shule, naye alitusindikiza mpaka kona, kisha akageuka.

Basi nikaanza na majengo, kwa kuwa majengo hayakatai kujibu. Kwa wiki tatu nilizunguka mkoa nikiwa na daftari na dira ndogo niliyoazima kwa mwalimu wa jiografia. Nilipanda ngazi za posta, ambazo zimeshikwa na ukuta upande mmoja tu na zinakutia hofu mpaka uzizoee. Nilikaa kwenye benchi za wodi ya wazazi. Muuguzi akaniuliza nina miezi mingapi. Nikamwambia nimekuja kutazama madirisha, akanitazama kwa huruma.

Baada ya jengo la kumi hivi, nikaanza kuwajua watu wale kwa mikono yao. Mrefu alikuwa adui wa jua la alasiri. Upande wa magharibi aliuwekea ngazi, vyoo, stoo, kuta nene zenye vitundu vidogo, na kila mahali ambapo mtu hupita bila kukaa. Upande wa mashariki ndiko alikoweka madarasa, vitanda na meza za kuandikia, pamoja na vioo vikubwa vinavyopokea mwanga wa asubuhi. Nilikagua majengo thelathini, na yote thelathini yalikuwa hivyo. Hata kibanda cha mlinzi wa stendi kimegeuza mgongo magharibi.

La thelathini na moja ni maktaba, na hiyo imekaa kinyume. Stoo na ngazi ziko mashariki, zinakula jua zuri la asubuhi bure. Chumba cha kusomea, kile kikubwa chenye kioo kutoka sakafuni hadi darini, kinatazama magharibi moja kwa moja. Nje ya kioo, hatua moja tu mbele, umesimama ukuta wa matofali ya matundu unaokwenda juu mpaka paani. Kuanzia saa tisa alasiri jua hupenya kwenye yale matundu na kumwaga viduara vya mwanga juu ya meza, navyo husogea taratibu mpaka vinapanda kwenye kurasa. Tulipokuwa wadogo tulishindana kuona kiduara cha nani kitafika ukurasani kwanza. Na kwa kuwa umeme uliufikia mtaa ule miaka saba baada ya maktaba kufunguliwa, kile ndicho kilikuwa chumba pekee mjini ambamo mtu aliyetoka kazini angeweza kusoma mpaka saa kumi na mbili. Watu waliosomea mitihani mle ni wengi mno. Waulize madaktari wa mji huu, waulize walimu, karibu wote watakutajia kiti walichokalia.

Nilimpigia simu mtaalamu mmoja wa chuo kikuu aliyewahi kuandika kuhusu ukuta ule. Alinieleza kwa dakika ishirini kwamba Mrefu alikuwa amekomaa, kwamba alivunja kanuni yake mwenyewe makusudi ili amtafute msomaji wa jioni. Nikamuuliza alijuaje. Akasema inaonekana wazi. Mimi neno "wazi" likitoka kinywani mwa msomi huwa linanitia wasiwasi.

Nikarudi kwa shangazi na daftari langu. Safari hii sikutaja kibao wala kijitabu. Nilikaa kwenye kigoda nikamtazama akitandaza kitambaa, akachukua chaki, akaweka eksi pembeni, juu kulia, kisha ndipo akachukua mkasi. Nimemwona akifanya hivyo maisha yangu yote. Siku ile ndiyo niliyouliza.

"Hiyo eksi ya nini, Shangazi?"

"Kujua upande wa kulia wa kitambaa."

"Lakini hiki pande zote sawa. Mbele na nyuma havina tofauti."

"Ndiyo maana," alisema, na mkasi ukasimama.

Nilimwambia alichosema mtaalamu wa chuo kikuu, kisha nilichokiona: majengo thelathini yametazama mashariki na moja limetazama magharibi. Sikumaliza. Aliweka mkasi chini, akaketi juu ya kitambaa chenyewe, yeye ambaye hutufokea tukikigusa.

"Umehesabu mwenyewe?"

"Kwa dira."

"Basi we mtoto huna dogo." Akajifuta uso kwa kanga. "Haya. Sikiliza, na usinikatize."

Aliniambia kazi yake ilivyokuwa. Mrefu alichora kwa penseli kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Karatasi ile ikipita kwa shangazi, aliibandika mezani kwa pini, akaweka juu yake karatasi nyingine safi, angavu, akapitia kila mstari kwa wino. Hiyo ya wino ndiyo iliyotolewa nakala za kupeleka kwa mkandarasi, na kutokana na hiyo ndiyo zilichorwa karatasi nyingine zote, za kuta, za paa, za mabomba. Maneno yalikuja mwisho. Mrefu alikatazwa kuandika neno lolote kwenye ramani kwa sababu mwandiko wake ungemshinda hata mfamasia; aliandika orodha pembeni, chumba kikubwa cha kusomea, chumba kidogo stoo, na shangazi akayaweka kwa kiolezo cha herufi.

"Sasa karatasi ile nyembamba, ukiigeuza, mistari inaonekana vilevile," alisema. "Nyuma kama mbele. Kwa hiyo pale ofisini palikuwa na sheria moja. Mrefu akimaliza kuchora anaweka eksi juu kulia, na tarehe. Eksi ukiiona, ujue huo ndio uso. Usipoiona, huanzi. Unauliza."

"Na ya maktaba?"

"Haikuwa na eksi."

Mrefu alikuwa amesafiri kikazi. Mfupi alikuwa anapita nyuma ya viti kila baada ya nusu saa akiuliza maktaba imefika wapi, maana mkandarasi alikuwa anasubiri. Shangazi aliigeuza karatasi mara mbili, tatu, akaitazama dhidi ya dirisha. Alikuwa na miaka ishirini na mbili na sifa ya kutokukosea. Kuuliza kungemaanisha kusubiri siku nne na kusikia kelele za Mfupi kwa siku zote nne. Akakisia. Akaweka pini, akachora siku mbili mfululizo, akaweka maneno yote mahali pake na mshale wa kaskazini juu, kama kawaida. Ilikuwa ramani nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, alisema, safi, hakukwangua wino kwa wembe hata mara moja. Ila ilikuwa imegeuka, kulia kukawa kushoto.

"Ulijua lini?"

"Mwezi wa tano. Mrefu alikwenda kukagua, akarudi. Hakusema kitu. Kesho yake akaniletea mchoro mpya ninakili, ukuta wa matundu. Kwenye orodha kaandika, nje ya chumba cha kusomea, upande wa magharibi." Akarudia neno lile polepole. "Magharibi! Mrefu haweki watu magharibi. Hapo hapo nikajua nimefanya nini, na nikajua na yeye anajua, maana ukuta ule ni wa kuziba jua langu. Msingi ulikuwa umeshamwagwa zege, huwezi kuugeuza kama chapati."

Alisubiri kuitwa. Alisubiri wiki mbili. Mfupi alikuwa amewahi kumfukuza mchoraji mzima kwa kosa la mlango mmoja, na hapa lilikuwa jengo zima. Kila Mrefu alipopita nyuma yake shingo ilimloa jasho. Hakuna aliyemwita. Mwisho akaona heri aondoke mwenyewe kuliko kuondolewa mbele ya watu. Akaandika barua kwamba mama yake, bibi yetu, ni mgonjwa, naye bibi wakati huo alikuwa mzima wa afya, anapanda ngazi kwa mbio. Mrefu aliisoma barua, akasema, "Mkono kama wako sitaupata tena."

"Nilidhani ananisanifu, ananikejeli," alisema shangazi. "Nimedhani hivyo mpaka leo. Ndiyo hivyo sasa. Mkiweka jina langu, mtaalamu wako atatafuta, atapata, na mji mzima utajua nani aliharibu maktaba. Niache nife na kaptula zangu."

Nilimpenda mno saa ile, na nilimkasirikia pia. Nilitaka kumwambia kwamba maktaba haikuharibika, kwamba mimi mwenyewe nililelewa na vile viduara, lakini alikwisha kuchukua mkasi. Na kwa upande wangu, nakiri, palikuwa na kitu kingine kinachoniwasha. Mrefu alijua tangu mwezi wa tano. Mfupi naye alikuwa mtu wa kutafuta mchawi kila kosa likitokea. Sasa kwa nini hakutafuta? Jengo zima limegeuka, na katika masanduku matano hakuna barua hata moja ya kuuliza nani kafanya. Barua za kugombania rangi ya vigae zipo kumi na moja.

Masjalani niliitafuta karatasi ya penseli kwa siku mbili. Ile ya wino ilipatikana upesi, na kwenye kona imeandikwa tarehe sita mwezi wa tatu. Ya penseli ilikuwa sanduku la nne, imekunjwa ndani ya ramani ya choo cha soko. Niliitandaza. Chumba cha kusomea kilikuwa kushoto, magharibi, kama kilivyojengwa. Na juu kulia palikuwa na eksi, kubwa, nyeusi, na tarehe pembeni yake.

Nikachoka. Eksi ilikuwapo, basi shangazi alinakili sawasawa, Mrefu mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo, mtaalamu wangu wa chuo kikuu yuko sahihi, na shangazi amekumbuka vibaya kwa miaka hamsini na saba. Nilikaa na karatasi ile mpaka saa ya kufunga. Nilipoinyanyua kuirudisha, kidole kikapita kwenye mstari wa ukuta. Hakikukwama. Penseli ngumu ikikandamizwa huacha mfereji, kila karani wa masjala anaujua. Mimi nilikuwa napapasa karatasi laini tupu. Nikaigeuza. Upande wa pili mifereji ilikuwapo yote, kuta, ngazi, milango, na unga mweusi wa penseli ukanipaka kidoleni. Mrefu alichora upande huu. Upande huu chumba cha kusomea kiko mashariki. Na upande huu hauna eksi.

Kisha nikasoma ile tarehe vizuri, na nikakimbia, mimi na kilo zangu hizi, mpaka kwa shangazi.

Hakutaka kuja. Ilibidi nimwambie kwamba karatasi haitoki masjalani kwa sheria, na kwamba kama haji nitamwomba Mkurugenzi aende akamweleze mwenyewe. Alikuja kesho yake asubuhi amevaa gauni lake la harusi za watu. Nilikuwa nimefuta meza mara mbili. Alinawa mikono bila kuambiwa, akavaa miwani, lakini hakutazama kwanza. Alipapasa. Vidole vilipita upande wenye eksi, vikarudi, vikapita tena.

"Huu siyo uso," alisema. "Kachora nyuma."

"Ndiyo."

"Lakini eksi ni yake. Mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake." Aliinama karibu. "Siku ile haikuwapo. Nakuapia mwanangu, niliitafuta, haikuwapo."

"Haikuwapo, Shangazi. Soma tarehe."

Alisoma midomo ikicheza. Akasoma tena. Wewe unaponakili jambo kwa wino mwezi wa tatu, karatasi uliyoinakili haiwezi kuwekewa alama ya kukuruhusu uanze mwezi wa tano, isipokuwa mtu ameamua, baada ya kuona msingi wa zege, kwamba nyuma na iwe mbele. Kwa eksi moja aliifanya ramani ya shangazi kuwa sahihi. Mfupi angefungua droo siku yoyote angekuta kila kitu kimekaa sawa, msanifu katia alama, msichana kanakili, hakuna wa kuulizwa.

"Tarehe mbili mwezi wa tano," alisema shangazi.

"Barua yako uliandika lini?"

"Unaijua, unayo kwenye masanduku yako. Kumi na tisa." Akaanza kuhesabu kwa vidole, akaacha katikati. Nilitegemea atafurahi. Sauti iliyotoka ilikuwa ya hasira, ile anayotumia kwa wauza vitambaa. "Siku kumi na saba! Anapita nyuma yangu, habari za asubuhi, nzuri, anakwenda zake. Eksi anaweza kuweka, neno moja hawezi? Angeniita pembeni, aniambie, binti, yamekwisha. Kazi ya kufumba na kufumbua!"

"Labda alikuwa anakukinga."

"Au alijikinga yeye. Nani aliyesahau eksi ya kwanza?"

Nimejiuliza tangu siku ile, na kati ya maswali yangu yote hilo ndilo ninalojua kwamba hakuna sanduku litakalonijibu. Nilimuuliza niandike nini kwenye kijitabu.

"Andika yote. Andika nilikisia, na yeye alisahau. Na jina langu uliandike sawasawa, herufi zote."

Nilidhani tumemaliza, nikaanza kukunja. Aliweka kiganja juu ya karatasi kunizuia. Akaitazama tena ile tarehe.

"Kwa hiyo hakuna aliyekuwa ananifukuza," alisema.

"Hakuna, Shangazi."

Akavua miwani, akalia bila kujificha, na mimi nikalia naye.

"Kumbe ile meza ya kuchorea ilikuwa bado yangu," alisema.